Meza Mbili Makambini

Pauline aliingia jikoni bila hodi, vitambaa viwili vya meza vikining'inia mkononi, kimoja kijani, kingine chekundu.

"Mama Liz," akasema, "leo tunapakua kwa meza mbili."

Nyatichi hakugeuka. Alikuwa anasonga ugali wa watu wote wa makambi kwa mwiko mrefu kama kasia, na ugali wa kiasi hicho haumngojei mtu amalize mazungumzo.

"Meza mbili za nini? Foleni imekuwa ndefu?"

"Ya kijani ni ya uzima. Ya nyekundu..." Pauline akatabasamu kama mwalimu wa chekechea. "Ya nyekundu kila mtu ataelewa mwenyewe."

"Na huu ugali wangu?"

"Nyekundu."

"Chapati?"

"Mama Liz, hata kuuliza!"

"Viazi? Ndizi mbivu? Na samaki, hawa ngege?"

"Ngege wa kuchemsha ningemweka kijani. Huyu umemkaanga."

Nyatichi akakita mwiko katikati ya ugali, ukasimama wima. "Kwa hivyo kijani kunabaki nini?"

"Sukuma wiki, kabichi, matango. Na maji ya vuguvugu."

"Hiyo ni meza ya sungura," akasema Caren kutoka mlangoni. Caren alikuwa mwenyeji wa Homa Bay, muuguzi, na ndiye aliyesimamia hema la huduma ya kwanza. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakacheka hadi wakajifuta machozi. Pauline hakucheka. Alisema kwamba Mzee Onyancha, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa makambi, amekubali, akageuka akaenda zake na vitambaa vyake.

Nyatichi akaung'oa mwiko akaendelea kusonga, sasa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Makambi ni juma zima la mahubiri na nyimbo ambalo Wasabato hukutana kila Agosti, wakalala kwenye mahema na madarasa na kula pamoja. Mwaka huu makanisa ya upande wa Rongo yalikuwa yamealikwa Homa Bay, katika uwanja wa shule moja unaoteremka hadi ufukweni mwa ziwa. Nyatichi alipewa jiko kwa sababu ana diploma ya upishi na anaendesha hoteli yake Rongo, kando ya barabara kuu, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kulichukua kutoka kwake. Pauline alipewa Idara ya Afya. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulianzia kanisani kwao, mwanzoni mwa mwaka. Goti la Nyatichi lilikuwa limeanza kumlilia kila akipanda ngazi, na pale kituo cha afya walimwambia kwa lugha ya adabu kwamba goti halina shida, shida ni mzigo. Akajiunga na darasa la Pauline la kupunguza mwili. Darasa lenyewe lilikuwa hivi: wanawake wanakaa duara, kila mmoja anainuka na kusema alichokula. Aliyekula chapati anasema, "Nilianguka." Wengine wanaitikia, "Inuka, dada." Pauline alikuwa ameuchukua ule utaratibu ambao kila Msabato anaujua tangu utotoni, wa wanyama safi na wanyama najisi, akaupanua. Nguruwe ni najisi, kamongo, yule samaki wa matopeni, ni najisi, hilo hakuna aliyebisha. Lakini kidogo kidogo sukari nayo ikaingia kwenye orodha, kisha mandazi, kisha wali mweupe, na siku moja ugali wenyewe ukasomewa hukumu, mbele ya wanawake waliolelewa kwa ugali na mama zao waliolelewa kwa ugali.

Nyatichi alijitahidi. Aliukataa ugali Jumapili, akaukataa Jumatatu, na kabla ya Ijumaa kufika alijikuta stoo ya hoteli yake mwenyewe, mgongo kwa mlango, akibugia mandazi baridi bila hata kuhisi utamu wake. Yeye, mwenye hoteli, anajiibia. Wiki iliyofuata yakawa mandazi na mikate. Mwili haukupungua. Uliongezeka, na juu yake ikaongezeka aibu.

Akarudi kituo cha afya akiwa na hasira na kila mtu. Mtaalamu wa lishe, kijana wa Kehancha anayeitwa Werema, hakumuuliza anakula nini. Alimuuliza, "Mama, huwa unakula ukiwa wapi?"

"Hotelini."

"Umekaa?"

Nyatichi akafikiri. Mpishi hakai. Anaonja mchuzi, anamega chapati iliyokatika, anamaliza viazi vilivyobaki kwenye sahani ya mteja kwa kuwa kutupa chakula kunauma. Jioni anarudi nyumbani anasema hajala kitu tangu asubuhi, na anaamini kabisa anachosema.

"Usiache chochote," Werema alisema. "Kula ugali wako. Lakini kaa chini, weka kwenye sahani, kula ukiwa na njaa, na ukishiba nyanyuka hata kama sahani haijaisha. Na hiyo boda ya kutoka nyumbani mpaka sokoni, iache ipite."

Akatoka pale akidhani amechezewa. Ila aliyafanya, kwa sababu hayakuwa na gharama. Miezi ikapita. Mandazi ya stoo yalipoacha kuwa haramu yaliacha pia kumwita. Sketi za Sabato zikaanza kuzunguka kiunoni, goti likanyamaza. Darasa la Pauline hakurudi, na hakuona haja ya kumweleza mtu sababu. Hapo ndipo alipokosea, maana binti yake Liz, mwenye miaka kumi na minne, aliendelea kuhudhuria.

Wakati wa chakula cha mchana Nyatichi alisimama nyuma ya meza nyekundu na upawa mkononi, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kupikia watu. Watu wenye njaa walikuwa wanakiogopa chakula. Walikuja hadi katikati ya uwanja, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakatazama nani anawatazama. Wanaume wengi walijikaza wakaja. Mzee Kerosi alikuja wa kwanza na fimbo yake akipaza sauti, "Nipe hapa, binti yangu! Mimi na mauti tumezoeana!" Watu wakacheka, lakini wanawake walicheka wakiwa kwenye foleni ya matango. Na wasichana, hakuna hata mmoja aliyevuka.

Liz alikuwa katikati yao, amevaa sare yake ya Watafuta Njia, chama cha vijana wa kanisa, kitambaa cha shingoni kimekazwa vizuri. Aliweka sukuma. Aliweka vipande vya tango. Akakaa chini ya mti na wenzake, akavipanga vile vipande ukingoni mwa sahani kama anayecheza bao, na Nyatichi, akiwa na watu mia mbele yake, hakumwona akipeleka kitu mdomoni. Nitaongea naye jioni, akajiambia.

Jioni ilikuwa mbali mno. Saa tisa, Watafuta Njia wakiwa katika gwaride, jua la ziwani likiwa kali, Liz alianguka kifudifudi kwenye mchanga.

Nyatichi alimkuta amelazwa hemani, Caren akimnywesha uji wa sukari kwa kijiko. "Polepole, nyathina, mwanangu," Caren alikuwa anamwambia. "Hakuna anayekukimbiza." Kisha akamvuta Nyatichi kando, sauti chini. "Huyu hajakosa chakula cha leo tu. Uliza vizuri."

Nyatichi akachuchumaa kando ya mkeka. "Umekula nini tangu tufike Homa Bay?"

"Nimekula."

"Liz."

"Sukuma."

"Na nyumbani, kabla tuje? Ile sahani nilikuwa nakuwekea?"

Mtoto akageuza uso akatazama turubai. "Nilikuwa nampa mbwa."

Kuna hasira inayopanda polepole, na kuna ile inayofika ikiwa imeshaiva. "Kwa nini?" akauliza Nyatichi, akijizuia.

"Sabato nabatizwa, mum. Mwalimu Pauline alisema mtu asiyeweza kutawala mdomo hajawa tayari kwa maji. Alisema atamwambia mzee nani yuko tayari na nani bado." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mimi nina mwili mkubwa. Kila mtu anaona. Na nilikula chapati mbili siku ya kaka Caleb kuondoka nyumbani, nikamwambia mwalimu, akasema niombe sana."

"Chapati mbili. Ukaambiwa uombe."

"Na wewe pia ulikuwa unaficha mandazi stoo. Nilikuona. Kama si mbaya, ulikuwa unaficha nini?"

Nyatichi alikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu, na mtoto aliyelala mkekani hahitaji hotuba. "Nilikuwa mjinga," akasema. "Nitakueleza. Kwanza kunywa uji."

"Una sukari."

"Kunywa, Liz."

Caren akachukua kijiko akaendelea. "Nenda," akamwambia Nyatichi, aliyekuwa amesimama akikunja na kukunjua leso yake. "Mimi niko naye. Ila Jumatatu umpeleke kwa yule mtu wenu wa lishe Rongo. Hili halimalizwi na bakuli moja la uji, na halimalizwi na kelele, nimekujua wewe."

Pauline alikuwa darasani na wanawake wake. Nyatichi hakuingia. Alisimama mlangoni mpaka kila mtu akageuka, halafu akasema, "Pauline, njoo nje, au niingie?"

Pauline akatoka. Walisimama ukutani, kwenye kivuli chembamba.

"Nimesikia Liz ameanguka. Pole, dada. Jua la huku..."

"Si jua. Ni njaa. Njaa yako."

"Mimi sijamnyima mtoto chakula."

"Umemtisha na chakula, kwangu ni kitu kimoja. Umemwambia hawezi kubatizwa kwa sababu ya chapati."

"Nilisema kiasi ni tunda la roho. Nilisema mwili ni hekalu."

"Ulisema utamwambia mzee nani hayuko tayari! Maandiko yametaja nguruwe, yametaja samaki najisi, mimi kamongo simpiki. Niambie chapati imetajwa wapi. Niambie, nikaifute kwenye menyu yangu."

Pauline alipoongea tena ile sauti ya chekechea ilikuwa imepotea. "Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Kisha wa pili. Kisha tukamzika. Wewe unacheka meza zangu, Nyatichi, lakini mimi nimembeba mama yangu mgongoni kwenda choo."

"Pole," akasema Nyatichi, na alimaanisha. "Pole sana. Angekuwa hai angekuja jikoni kwangu nimpikie kile daktari wake amesema, kiasi alichosema. Mgonjwa ni mgonjwa. Lakini Liz si mgonjwa. Au tuseme hakuwa, mpaka umshike."

"Unanionea."

"Labda. Utapona. Huyu wangu sijui."

Akamwacha pale, akaenda kumtafuta Mzee Onyancha. Alimkuta chini ya mwavuli mkubwa pamoja na wahubiri wageni, akampigia goti la adabu, lile la haraka, akamweleza yote kwa sentensi chache. Mzee Onyancha ni mtu mwema asiyependa vurugu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, mama, kwanza tuombe."

"Tutaomba, mzee. Kwanza nijibu. Kuna mahali kanisa limesema mtoto azuiwe ubatizo kwa sababu ya alichokula? Acha kamongo. Chapati."

"Hapana. Hakuna."

"Au kwa sababu ya mwili mnene?"

"Mama, hapana, jamani."

"Basi usiniambie mimi. Waambie hao wasichana wote. Kwa maikrofoni."

Mzee akatazama wageni wake. Akasema jambo hilo ni nyeti, kwamba Dada Pauline ana moyo wa kujitolea, kwamba makambi yakiisha kamati itakaa. Nyatichi alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Asante, mzee," kwa upole uliomfanya Mzee Onyancha atulie kabisa, masikini, kwa kuwa hakuwa amemzoea.

Sasa, makambini kuna desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika popote. Kabla ya kila mlo mkuu wa jiko hupewa maikrofoni. Anataja chakula, anasema foleni ianze wapi, anakumbusha watu warudishe sahani. Hata mhubiri akiwa katikati ya wito, tangazo la jiko likifika, hushuka. Hakuna kamati inayopitisha tangazo la jiko.

Jua lilipoanza kuteremka Nyatichi alivitoa vitambaa vyote viwili, akavikunja, akampelekea Pauline mkononi bila neno. Akawaita wanaume wawili wakasukuma meza zikagusana. Sufuria zikapangwa zikifuatana: sukuma ikakaa kando ya ugali, matango kando ya chapati. Kisha akapanda jukwaani na aproni yake yenye masizi, akachukua maikrofoni.

"Tangazo la jiko," akasema. "Chakula cha leo ni ugali, ngege, sukuma, viazi, chapati, kabichi, matango na ndizi. Majina yake ni hayo tu. Hakuna kinachoitwa uzima na hakuna kinachoitwa mauti. Meza ni moja."

Mtoto fulani akapiga kofi moja, akanyamazishwa.

"Aliyeambiwa na daktari asile kitu, ana sukari, ana presha, aje kwangu nimpakulie chake, na asione haya. Hao wengine, pakueni kiasi cha njaa yenu. Mkae chini. Mkishiba, mwache. Mimi mnaniona nimepungua, na wengine mmekuja kuniuliza kwa siri nakunywa dawa gani. Sinywi dawa. Nakula ugali, na leo nitaula hapa mbele yenu." Hii iliyofuata hakuwa ameipanga. "Na ninyi wasichana mnaobatizwa Sabato. Nimemuuliza mzee wa kanisa kama kuna chakula kinachomzuia mtu kuingia majini. Amesema hakuna. Mzee Onyancha yuko pale. Kama nimemsingizia, na ainuke."

Vichwa vyote vikageuka. Mzee Onyancha akainuka nusu, kama mtu aliyechomwa na msumari wa kiti, akatikisa kichwa kukubali. "Ndivyo," akasema. "Ndivyo nilivyosema." Akakaa.

"Sahani zirudishwe kwenye beseni la bluu," akamaliza Nyatichi, akashuka.

Watu walikula. Si wote walifurahi. Wanawake wa darasa walikula wakiwa wameinamisha nyuso, wengine walimpita bila salamu. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba jukwaa la Mungu si mahali pa kulipizana. Pauline hakuja kula kabisa. Nyatichi alimwona mbali akiwa amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa, na moyo ukamuuma kidogo. Kidogo tu. Alikuwa bado na hasira ya kutosha juma zima.

Akapakua sahani mbili akaenda hemani.

Liz alikuwa ameketi, mikono imeshikilia magoti. "Umenitaja mbele ya watu wote," akasema kabla mama hajakaa.

"Sikutaja jina lako."

"Mum, mtu aliyeanguka leo ni mmoja! Kila mtu anajua! Sasa watasema mamake Liz alipigana kwa sababu ya chapati!"

"Waseme."

"Rahisi kwako!"

"Si rahisi kwangu. Kasirika tu, una haki. Kasirika ukiwa unakula."

Liz akaitazama sahani. Ugali kipande, ngege nusu, sukuma. Alikaa akiitazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama barabara yenye magari mengi. "Hii ni nzuri au mbaya?" akauliza, na sauti haikuwa ya ubishi. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli.

"Ni ugali. Una njaa?"

"Ndiyo."

"Basi."

Nyatichi akaanza kula chake, macho kwenye sahani yake, kama Werema alivyomfundisha na kama Caren alivyomkonyeza afanye kutoka upande wa pili wa hema. Alisikia tonge likifinyangwa. Alisikia likichovywa. Hakuinua macho. Nje watu walikuwa wameanza wimbo wa jioni, na Liz alitafuna taratibu sana, tonge la kwanza, la pili, akachambua samaki, akala mgongo wake, akala sukuma. Kisha akaisukuma sahani, karibu nusu ikiwa imebaki.

"Nimeshiba."

Maisha yake yote ya ulezi Nyatichi alikuwa na neno moja la kujibu hilo. Maliza. Lilimfika mpaka kwenye meno. Akalimeza. Akamtazama binti yake usoni, akitafuta, na hakuweza kujua kama ile ni shibe au ni ile hofu imevaa nguo za shibe.

"Umeshiba, au umeogopa?"

Caren aliacha kukunja bandeji.

"Nimeogopa," akasema Liz mwishowe. "Kidogo."

"Sawa." Nyatichi akanyoosha lile goti lake, akaegemea nguzo ya hema. "Sina haraka. Tukae."

Wakakaa. Wimbo wa nje ukaisha, mwingine ukaanza. Liz akamega kipande kingine kidogo cha ugali, akakishika kwenye vidole kwa muda mrefu, akakila.